Tairi la Kuagiza Nje au la Dukani? Piga Hesabu Kabla Hujatuma Pesa

Wiki hizi kila nikifika vijijini maswali ya mbolea na viuatilifu yamepungua, yamekuja maswali ya matairi. Sababu naijua. Nyanya zinaanza kuiva, vitunguu viko njiani, na vijana wengi mmeshanunua pikapu au Canter ili mpeleke mzigo sokoni wenyewe badala ya kumsubiri dalali shambani. Hongereni sana. Sasa gari limekanyaga barabara za vumbi mwaka mzima, matairi yamebaki vipara, na ukiuliza bei dukani unashika kichwa. Halafu kuna mtu kakutumia picha kwenye simu: tairi saizi ile ile, jipya kabisa, linatoka China kwa chini ya nusu ya bei. Unajiuliza, kwa nini nisiagize mwenyewe?

Swali zuri, na ni swali la mfanyabiashara. Jibu langu kwa kifupi ni hili: kama una gari moja au mawili, mara nyingi tairi la dukani ndilo litakalokugharimu kidogo, hata kama bei yake inauma. Kama mko kikundi, au unatafuta saizi ambayo haipatikani nchini, kuagiza kunaweza kulipa. Lakini usiniamini kwa maneno matupu. Tupige hesabu.

Hata la dukani limetoka nje

Zamani tulikuwa na kiwanda chetu, General Tyre, kule Arusha. Kilisimamisha uzalishaji miaka ya 2000. Jirani zetu Kenya nao, kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza matairi ya Yana kilisimamisha uzalishaji mwaka 2016. Kwa hiyo tairi jipya unaloliona limefungwa nailoni dukani Kariakoo, Mbeya au Arusha, karibu kila mara nalo limevuka bahari.

Nimeanza na hili kwa sababu vijana wengi wanadhani mwenye duka anauza bei kubwa kwa tamaa tu. Faida anayo, hilo halina ubishi, maana hakufungua duka kutoa sadaka. Lakini ndani ya ile bei kuna nauli ya meli, bima, ushuru, VAT, ukaguzi, kodi ya pango na mtaji uliolala miezi kadhaa. Gharama hizo ukiagiza mwenyewe hazifutiki. Zinahama tu, zinatoka kwake zinakuja kwako. Kwa hiyo swali la kweli ni hili: nani aubebe mzigo wa kuliingiza tairi nchini, wewe au mwenye duka? Na yeye anakutoza kiasi gani kwa kukubebea?

Hesabu ya matairi manne

Tuchukue matairi manne ya pikapu, saizi 265/65R17. Namba za bei hapa chini ni za mfano wa kujifunzia. Ukifika wakati wako, weka namba zako halisi kwenye mistari hii hii.

- Bei ya tairi mpaka linapakiwa melini (wafanyabiashara wanaiita FOB): Sh 150,000 x 4 = Sh 600,000
- Nauli ya meli na bima: Sh 250,000
- Jumla mpaka bandarini Dar es Salaam (hii ndiyo CIF): Sh 850,000
- Ushuru wa forodha, tuseme asilimia 25: Sh 212,500
- VAT asilimia 18 ya CIF ukijumlisha na ushuru: Sh 191,250
- Wakala wa forodha, ukaguzi, bandari na tozo ndogondogo: Sh 250,000
- Usafiri kutoka Dar mpaka kwako: Sh 60,000

Jumla kuu: Sh 1,563,750. Gawa kwa nne, unapata karibu Sh 391,000 kwa tairi moja. Lile tairi la laki na nusu kwenye picha limeshafika karibu laki nne, na bado halijafungwa kwenye gari.

Hapo angalia mambo mawili. La kwanza, VAT haitozwi kwenye bei ya kiwandani peke yake. Inatozwa juu ya bei, nauli, bima na ushuru vikiwa vimejumlishwa. Wengi wanakosea hapo, wanachukua asilimia 18 ya laki sita halafu wanashangaa wakifika bandarini. Ile asilimia 25 ya ushuru nimeiweka kwa ajili ya hesabu tu. Kiwango hutegemea aina ya tairi, na la gari dogo, la lori na la trekta hayaingii kundi moja. Muulize wakala wa forodha mwenye leseni kabla ya kuagiza.

La pili ni nauli. Tairi ni mzigo mwepesi lakini linakula nafasi. Hili la 265/65R17 lina kipenyo cha karibu sentimita 78 na upana wa karibu sentimita 27. Likiwekwa kwenye boksi linachukua mita za ujazo 0.16, yaani matairi sita yanajaza mita moja ya ujazo. Tairi la nyuma la trekta, saizi 18.4-30, peke yake linazidi mita moja. Kwa ndege ndiyo usijaribu kabisa, maana mzigo mkubwa na mwepesi hutozwa kwa nafasi unayochukua. Kwa kanuni inayotumika sana, mita moja ya ujazo huhesabiwa kama kilo 167, kwa hiyo tairi lako la pikapu linatozwa kama mzigo wa kilo 27 wakati kwenye mzani halifiki hata kilo 20.

Hesabu ya matairi arobaini

Sasa tuseme mko vijana kumi wenye pikapu za saizi moja, mnaagiza arobaini kwa pamoja.

- FOB: Sh 6,000,000
- Nauli na bima: Sh 1,200,000
- CIF: Sh 7,200,000
- Ushuru asilimia 25: Sh 1,800,000
- VAT: Sh 1,620,000
- Wakala, ukaguzi, bandari na tozo: Sh 1,000,000
- Usafiri wa ndani: Sh 300,000

Jumla Sh 11,920,000, sawa na Sh 298,000 kwa tairi. Limeshuka kwa zaidi ya Sh 90,000 ukilinganisha na lile la mtu mmoja. Ushuru na VAT havijapungua hata senti kwa asilimia. Kilichopungua ni zile gharama ambazo hazijali umeleta manne au arobaini: wakala anafanya kazi karibu ile ile, mkaguzi anakuja mara moja, na gari la kubeba mzigo linakwenda safari moja.

Tuseme dukani tairi la hadhi hiyo hiyo linauzwa Sh 360,000. Aliyeagiza manne peke yake amepata hasara ya Sh 31,000 kwa kila tairi. Kikundi kimeokoa Sh 62,000 kwa kila tairi, jumla Sh 2,480,000. Hiyo ni pesa ya maana. Lakini usishangilie kwanza, kuna gharama ambayo haimo kwenye orodha zote mbili.

Muda, mtaji na mtu wa kumlalamikia

Kwanza muda. Wauzaji wengi wa nje wanataka malipo ya awali, mara nyingi asilimia 30, na salio kabla ya kukuachia hati za mzigo. Meli peke yake kutoka China inaweza kutumia mwezi au zaidi. Ongeza siku za kiwandani, siku za kusubiri konteina lijae na siku za bandarini, na ni busara uhesabu miezi miwili hadi mitatu. Shilingi milioni kumi na mbili za kikundi zimelala muda wote huo, na nyanya haisubiri meli. Kama gari lako limebaki kipara leo na unavuna wiki tatu zijazo, mjadala umeisha, nenda dukani.

Pili, uhakika. Tairi la dukani likitoka uvimbe ubavuni baada ya wiki mbili bila kugonga shimo, unachukua risiti unarudi. Unaweza kubishana na mwenye duka, lakini yupo, ana mlango na ana jirani. La kuagiza likileta shida utapiga picha, utatuma, na muuzaji atakwambia rudisha. Kulirudisha tairi moja China kunaweza kula zaidi ya bei yake. Kwa hiyo ukiagiza, dhamana ni wewe mwenyewe. Kwenye kikundi chetu cha mfano, matairi tisa tu yakiwa mabovu kati ya arobaini, faida yote imeondoka: tisa mara Sh 298,000 ni Sh 2,682,000, na mliokoa Sh 2,480,000.

Tatu, karatasi. Kuna mawakala wa mizigo wanaopokea bidhaa za watu wengi Guangzhou au Dubai, wanazichanganya kwenye konteina moja, wanakutoza kwa ujazo na kukwambia kila kitu kimo humo humo. Ni rahisi na wengi wanawatumia. Lakini uliza: nitapata hati ya forodha yenye jina langu? Nitapata risiti ya EFD? Mkulima wa kibiashara anayetaka mkopo benki au anayetunza hesabu za kodi anahitaji hizo karatasi. Na mzigo ukikamatwa kwa sababu ya mwingine aliyeficha kitu kwenye konteina hilo hilo, wako nao unasubiri.

Jifunze kusoma ubavu wa tairi

Hapa ndipo ningependa utulie, maana kosa la hapa halikuli pesa tu, linaweza kuua mtu. Bei ikishakuvutia, mteja wengi huangalia saizi peke yake. Saizi 265/65R17 ikilingana anasema sawa. Lakini baada ya saizi kuna namba nyingine ndogo na herufi, mfano 112S. Ile 112 ni namba ya mzigo. Haimaanishi kilo 112, ni alama inayosomwa kwenye jedwali. Nakupa zile utakazokutana nazo zaidi, kwa tairi moja:

- 91: kilo 615
- 104: kilo 900
- 106: kilo 950
- 110: kilo 1,060
- 112: kilo 1,120
- 121: kilo 1,450
- 122: kilo 1,500

Kilo hizo ni pale tairi lina upepo unaotakiwa. Ukikuta namba mbili, kama 110/108, ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake na ya pili ni ya matairi yaliyofungwa mawili mawili nyuma. Herufi inayofuata ni mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, R 170, S 180, T 190, H 210. Kwa gari la shamba namba ya mzigo ndiyo ya kupigania, mwendo huo hatuutafuti.

Tofauti inakuwaje barabarani? Pikapu inayotakiwa 112 ukiifunga 104 kwa sababu ilikuwa bei nafuu mtandaoni, ekseli ya nyuma imepoteza uwezo wa kilo 440. Hayo ni matenga kadhaa ya nyanya. Gari halitakataa kutembea. Litatembea vizuri tu mpaka Ilula, na abiria hatajua lolote. Halafu unaanza kushuka Kitonga, jua la mchana, mzigo umejaa, upepo umepungua kidogo. Ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, joto linapanda, tabaka za ndani zinaanza kuachana. Tairi likipasuka pale, upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande mwingine ni bonde. Kuna kijana wa ukanda ule tairi lake lilipasuka akiwa ameshamaliza mteremko, Mungu alimsaidia. Yeye alipona, nyanya hazikupona. Alilala barabarani usiku mzima, na mzigo uliofika sokoni Ilala kesho yake jioni aliuza kwa bei ya kutupa. Alichookoa kwenye matairi manne kilikwisha kwa safari moja.

Angalia pia herufi C mwishoni mwa saizi, kama 195R15C au 205R16C. Hiyo C inaonyesha tairi limejengwa kwa gari la mizigo. Ukiona muuzaji anakupa 195/65R15 ya gari dogo na kusema rimu ni ile ile inchi 15 itaingia, ni kweli itaingia, lakini haitabeba.

Kitu cha mwisho ubavuni ni tarehe. Tafuta maandishi DOT, halafu namba nne za mwisho. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa haujatembea. Watengenezaji kadhaa wa magari wanashauri kubadilisha tairi likifika miaka sita, na kampuni kubwa za matairi zinaweka ukomo wa miaka kumi. Tairi lenye meno marefu lakini la miaka minane ni mzee aliyevaa suti mpya.

Mitumba na tairi la theluji

Kuna njia nyingine ya nje inayopendwa: tairi lililotumika, mara nyingi kutoka Japani. Linakuja na meno mazuri na bei ya kuvutia, na ukilibonyeza ni laini. Huo ulaini ndio wa kuutilia shaka. Wajapani wana matairi ya majira ya baridi yaliyotengenezwa kwa mpira laini ili yashike kwenye barafu. Ubavuni yameandikwa STUDLESS, au yana alama ya mlima wenye chembe ya theluji katikati. Kwenye lami ya Dodoma saa nane mchana mpira ule unakwisha haraka sana, na ukiwa na mzigo gari linayumba. Hata ukinunua gari lenyewe kutoka Japani, kagua matairi liliyokuja nayo kabla ya kupakia gunia la kwanza.

Mtumba hauonyeshi historia yake. Huwezi kujua liligonga nini, lilizibwa wapi, lilitembea bila upepo kilomita ngapi. Ukilazimika, kagua na ndani pia, siyo nje tu: tafuta mkwaruzo unaozunguka ubavu kwa ndani, maana hiyo ni dalili ya kutembea bila upepo. Na usifikirie kuagiza mitumba mwenyewe: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki imepiga marufuku kuingiza matairi yaliyotumika ya magari madogo na pikapu. Usitume pesa kwanza halafu ukaulize baadaye.

Trekta na pawatila ni habari nyingine

Kwenye zana za shamba, kuagiza kuna nguvu zaidi kuliko kwenye magari. Matairi ya trekta zilizozoeleka, kama 18.4-30 na 14.9-28, yanapatikana kwenye miji mikubwa, na ya pawatila ya 6.00-12 nayo yapo. Lakini wapo vijana wenye trekta ndogo zilizotumika kutoka Japani, zenye saizi kama 8.3-22 au 9.5-22. Hayo unaweza kuzunguka maduka mji mzima usipate. Hapo hulinganishi bei mbili, unalinganisha tairi la kuagiza na trekta iliyolala bandani. Trekta ikilala wakati wa mvua za kwanza, umepoteza msimu wako na pesa za kuwalimia majirani. Kuagiza ni sawa kabisa, ila agiza kiangazi, mapema.

Soma alama ya meno pia. R-1 ni meno ya kawaida ya shamba kavu. R-2 ni meno marefu ya majaruba ya mpunga na mashamba ya miwa. Mkulima wa Mbarali au Kilombero anayelima kwenye tope atafurahia R-2, lakini aliyeko Kongwa akifunga R-2 na kutembea barabarani kila siku, meno yatakwisha upesi na trekta itatetemeka. Tairi la mbele la trekta lenye mistari mirefu linaandikwa F-2. Saizi 7.50-16 ipo ya Canter na ipo ya mbele ya trekta. Zinafanana kwa jina, kazi ni tofauti. Usikubali kuuziwa moja kwa kazi ya nyingine.

Ukinunua dukani, nunua kama mfanyabiashara

Kusema duka ni salama zaidi siyo kusema wenye maduka wote ni malaika. Nenda na orodha hii:

1. Andika kwanza saizi, namba ya mzigo na upepo kutoka kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au kitabu cha gari. Usinakili tairi la zamani, huenda aliyekuuzia gari alishakosea.
2. Soma DOT ya kila tairi, siyo la juu peke yake. Matairi manne yenye tarehe nne tofauti ni masalia ya dukani. Likizidi miaka miwili, dai punguzo au lipite.
3. Angalia lilikokaa. Tairi lililopangwa nje kwenye jua miezi mingi kama mapambo ya duka limeshapikwa.
4. Dai risiti ya EFD, na mwombe aandike jina la tairi, saizi na DOT. Bila hayo dhamana ni maneno.
5. Uliza dhamana inahusu nini. Kawaida ni kasoro za kiwandani. Shimo, msumari na kuzidisha mzigo havimo.
6. Uliza kama bei ina kufunga, balansi na alaimenti. Tairi jipya kwenye gari ambalo magurudumu yamepinda litaliwa upande mmoja ndani ya miezi michache.

Ulinganishe maduka matatu kwa siku moja, kwa tairi lile lile. Ukifika la tatu ukiwa na bei mbili mkononi na pesa taslimu, mazungumzo yanakuwa mengine.

Ukiamua kuagiza

1. Omba bei kwa maandishi ikionyesha kama ni FOB au CIF Dar es Salaam. Maneno "bei yote imo" hayatoshi.
2. Taja kwenye oda namba ya mzigo, meno unayotaka na tarehe: "yasizidi miezi sita tangu kutengenezwa". Omba picha ya DOT kabla ya kulipa salio.
3. Hakikisha mzigo unakaguliwa na kupata cheti cha PVoC cha TBS kabla haujapakiwa. Mzigo ukifika bila cheti unakaguliwa huku, unalipia zaidi na unachelewa.
4. Kataa kufungiwa tairi ndani ya tairi. Wauzaji wengine wanakunja tairi moja na kulisukuma ndani ya jingine ili konteina libebe zaidi. Ule mdomo unaokaa kwenye rimu unaweza kupinda, na tairi likawa linavuja upepo milele.
5. Anza kidogo kabla ya oda kubwa, na chagua jina la tairi ambalo tayari lipo kwenye maduka ya hapa. Ukikwama na moja, utapata pacha wake.
6. Kaa na wakala wa forodha kabla ya kuagiza, akupe makadirio kwa maandishi. Huyo siyo mtu wa kumpigia mzigo ukishafika.

Njia ya tatu ambayo wengi wanaisahau

Rudi kwenye hesabu ya arobaini. Kilichoshusha bei pale ni wingi. Na wingi haulazimishi kuvuka bahari. Vijana kumi mkienda kwa muuzaji wa jumla Dar es Salaam, Mbeya au Mwanza mkasema tunataka matairi arobaini, saizi moja, tunalipa leo, hamtapewa bei ya mtu mmoja. Huenda msifike Sh 298,000 ya mfano wetu. Mkifika Sh 320,000, mmeokoa Sh 40,000 kwa kila tairi, mnayo leo, mna risiti, na mkipata bovu mnajua pa kulirudisha. AMCOS na vikundi vyenu vinanunua mbolea na mbegu kwa pamoja, kwa nini matairi mnanunua kila mtu kivyake?

Kwa zile saizi adimu za trekta, mfuate mwingizaji ambaye tayari analeta makonteina. Mwombe akuwekee matairi yako mawili au manne kwenye mzigo wake ujao, umpe amana, muandikishiane saizi, tarehe na bei ya mwisho ikiwa na kodi zote. Yeye nauli na wakala anavilipia hata hivyo, kwa hiyo matairi yako yanamwongezea kidogo sana, na wewe unaepuka kubeba gharama zote peke yako.

Kwa hiyo wiki hii fanya kazi moja ndogo. Chukua daftari, nenda kwenye gari lako na la jirani zako wawili. Andika saizi, namba ya mzigo na DOT ya kila tairi, na la akiba usilisahau. Utashangaa utakayoyakuta. Halafu kaeni muone nani anahitaji lini, na ni yapi yanafanana. Hapo ndipo mjadala wa nje au dukani unaanza kuwa na maana, kwa sababu mnajua mnachotafuta na mko wengi.

Rahisi ni ghali, wazee walishasema. Mimi naongeza tu kwamba hata ghali nayo lazima uikague. Pigeni hesabu, kagueni ubavu, na mzigo ufike sokoni salama pamoja na aliyeuendesha.